Jirani anapandisha ghorofa juu ya ukuta wetu wa pamoja (Nakuru). Nina haki gani?

Mwenye_Uzi

Wadau, naomba mawazo yenu, na kama kuna mtu wa sheria humu basi nitashukuru zaidi.

Niko Nakuru, upande wa Lanet. Nyumba zetu ni pacha: mjenzi mmoja alizijenga kwa safu, kila mbili zinashikana kwa ukuta mmoja wa mawe, na paa la mabati ni moja, linapita juu ya nyumba zote mbili bila kukatika. Jirani wa kwanza aliuza, akaja mwenyeji mpya na mafundi wake. Tulidhani anabadilisha mabati. Kumbe wamekata kenchi pale zinapokutana juu ya ukuta wa katikati, wakatoboa ukuta huohuo na kuingiza vyuma, na sasa wameshasimamisha mbao za kumwagia slabu. Mtu anapandisha ghorofa.

Upande wangu, chumba cha watoto kina ufa ulioanzia juu karibu na linta ukashuka mpaka nusu ya ukuta. Mvua ya juzi iliingia palepale walipofungua paa.

Tulimwendea kwa heshima, mimi na mume wangu. Jibu lake: "Mama, mimi nimenunua kwangu, nanyi mmenunua kwenu. Nafanya ndani ya kwangu." Fundi wake akadakia kwamba ukuta ni mnene, utabeba. Tulipouliza karatasi za kaunti tukaambiwa ziko njiani.

Kijana wangu amepekua mtandaoni akapata sheria ya kuta za pamoja inayomtaka jirani atoe notisi ya miezi miwili kabla ya kugusa ukuta. Naweza kumwandikia barua nikitaja sheria hiyo?

Karani_Mstaafu

Mwambie kijana asome kichwa cha hiyo sheria. Ni ya mwaka 1996, ya Uingereza na Wales. Inatumika London ya mto Thames, si London yetu hapa Nakuru karibu na dampo la Gioto.

Mchangiaji_Bahati

Karani umenivunja mbavu 😂 Lakini dada, dawa ya huyo ni vijana. Usiku mmoja tu, mbao zote za slabu ziko chini.

Wakili_Mtazamaji

Wa Bahati, ushauri huo utamtoa dada kwenye kudai na kumpeleka kizimbani. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Jirani atabaki na mjengo wake, nawe utabaki na kesi.

Karani amesema kweli kuhusu London. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, inatupa kanuni za kawaida za Kiingereza pamoja na sheria za bunge lao zilizokuwa zikitumika tarehe 12 Agosti 1897. Iliyotungwa 1996 haimo. Ukiitaja kwenye barua, wakili wake atacheka kisha ataijibu kwa mistari miwili.

Hii haina maana kwamba uko mikono mitupu. Kenya haina sheria moja ya kuta za pamoja, kwa hiyo haki yako inakusanywa huku na huku: kwenye hati yako, kwenye sheria ya mipango, na kwenye hizo kanuni za kale za majirani. Kabla sijaenda mbali nijibu jambo moja, kwa sababu kila kitu kinalitegemea: umenunua nini hasa? Usiniambie nyumba. Karatasi inasemaje? Una hati ya kiwanja chako peke yako na mpaka unapita katikati ya ukuta? Una lisi ya miaka mingi iliyotolewa na mjenzi, na kampuni ya usimamizi ya wakazi? Au ni hati ya yuniti chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020?

Fundi_Nyalenda

Wakati dada anatafuta karatasi, acha niseme ya mjengo. Mimi ni fundi Kisumu, nimeona nyumba za namna hii nyingi.

Huyo fundi aliyesema ukuta ni mnene hajasema kitu. Swali ni msingi. Nyumba iliyochorwa kubeba mabati huchimbiwa msingi wa kubeba mabati. Slabu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kama kilo 360 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita nne kwa nne tayari ni karibu tani sita, kabla hujaweka kuta za juu, paa jipya, tangi la maji na watu. Sehemu ya uzito huo inatua kwenye ukuta wenu wa katikati, na ukuta wenu unautua kwenye msingi ambao nusu yake ni wako. Upande wake ukididimia kidogo, wako unavutwa.

Sasa fanya hivi leo. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe pembeni. Ukirefuka utajua. Kisha gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, simenti huku na huku. Kikivunjika, ukuta unatembea. Piga picha ukiwa umeweka rula kando ya ufa. Piga picha za vyumba vyote, hata visivyo na ufa, maana kesho kikitokea kipya atasema kilikuwepo tangu zamani.

Na usizibe ufa kwa plasta! Watu wanaziba kwa aibu ya wageni, halafu wanakosa cha kumwonyesha injinia.

Mchangiaji_Manyatta

Fundi, huku kwetu Manyatta kila nyumba ina nyufa kwa sababu ya udongo mweusi. Wakati wa mvua unavimba, kiangazi unasinyaa. Jirani si atasema ni udongo?

Fundi_Nyalenda

Atasema, na huenda atakuwa na haki. Ndiyo maana fundi kama mimi siwezi kuwa shahidi wako. Unataka injinia wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, aandike ripoti, aweke muhuri. Yeye ndiye anaweza kuangalia ufa na kusema huu unatoka kwenye mzigo uliowekwa juu, ule unatoka ardhini. Nakuru nako ardhi ina mambo yake, majivu ya volkano na mipasuko ya Bonde la Ufa, kwa hiyo hoja ya udongo atakuwa nayo pia. Ripoti ipatikane kabla slabu haijamwagwa. Ikishamwagwa, mtabishana juu ya kitu kilichofunikwa.

Wakili_Mtazamaji

Fundi asante. Niongeze: picha za simu zinakubalika mahakamani, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha aliyezitoa, kueleza kifaa na jinsi zilivyotolewa. Usifute zile za awali kwenye simu.

Mwenye_Uzi

Nimeipata. Ni lisi ya miaka 99. Waliotia saini ni mjenzi, sisi, na kampuni ya usimamizi. Kuna sharti linalosema mwenye nyumba hatabadilisha sehemu ya jengo inayobeba mzigo, wala sura yake ya nje, bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Lingine linasema kuta zinazotenganisha nyumba zitatunzwa kwa gharama ya pande zote mbili. Ila hiyo kampuni, kusema kweli, hatujaiona ikifanya mkutano.

Wakili_Mtazamaji

Hapo mambo yanabadilika, na kwa uzuri. "Nimenunua kwangu" imeishia hapo, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa lisi yake ina maneno hayohayo. Nyumba za safu huuzwa kwa fomu moja.

Watu wengi hudhani kampuni iliyolala imekufa. Nenda eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uombe CR12, ile taarifa rasmi ya kampuni. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kwenye mitaa mingi utakuta mjenzi bado ndiye mkurugenzi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke, na wakazi ndio wanaopaswa kuwa wanachama. Mkijipanga mnaweza kuitisha mkutano, kuchagua wakurugenzi, na kampuni ikamwandikia barua ya kusimamisha kazi kwa kuvunja sharti. Barua ya kampuni ina uzito kuliko barua ya mama wa jirani. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Ingekuwa ni hati ya yuniti ningehitaji maneno machache tu. Chini ya sheria ya 2020, yuniti inapopakana na ukuta, sakafu au dari, kilicho chako ni ile sehemu ya ndani ya kumalizia: plasta, mbao za urembo, vigae. Mawe yenyewe, msingi na paa ni mali ya pamoja ya wamiliki wote, na shirika lao ndilo linaloisimamia. Anayetoboa ukuta anatoboa cha watu wote. Sheria hiyo pia ina kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro kabla ya mahakama.

Na ingekuwa ni viwanja viwili vyenye hati mbili, tungerudi kwenye kanuni za kale: mjenzi mmoja akijenga nyumba mbili zilizoegemeana kisha akaziuza, huchukuliwa kwamba kila moja iliuzwa ikiwa na haki ya kuegemea nyingine. Unaweza kufanya mambo upande wako, lakini huwezi kumwondolea mwenzako egemeo lake.

Karani_Mstaafu

Na hapo kwenye viwanja viwili kuna mtego. Mkianza kubishana ukuta uko upande gani wa mpaka, kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajauamua. Nimeona watu wakilipa wakili, wakapoteza mwaka, kisha wakaambiwa nendeni kwa msajili na mpimaji.

Mchangiaji_Kakamega

Mimi ni mpangaji wa duka, Kakamega. Mpangaji wa duka la pili amevunja ukuta ili aunganishe maduka mawili, sasa duka langu lina vumbi na mlango haufungi vizuri. Nimshtaki?

Wakili_Mtazamaji

Ukuta si wa mpangaji, ni wa landilodi. Anza kwa kumwandikia yeye, maana anadaiwa kukupa utulivu wa matumizi ya duka ulilolipia. Asipojibu na upangaji wako unalindwa na Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara ndilo mlango wako. Lakini fungua uzi wako, ndugu, huu tumwachie mwalimu.

Mwenye_Uzi

Umejuaje mimi ni mwalimu? 😄

Wakili_Mtazamaji

Koma zako.

Sasa la kaunti, ambalo ningelifanya hata kabla ya CR12 kwa sababu ni la haraka. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57, haimruhusu mtu kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kifungu cha 72 kinampa waziri wa kaunti anayehusika mamlaka ya kutoa notisi ya utekelezaji: simama, rudisha palivyokuwa. Akiona ameonewa, jirani ana siku 14 za kukata rufaa kwenye Kamati ya Uhusiano ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Andika barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti. Nambari ya nyumba, kinachofanyika, tarehe mlipoona kimeanza, picha, nakala ya lisi. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya simu hayana muhuri. Nakala nyingine ipeleke Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, uulize kama mradi umesajiliwa na mkandarasi ni nani.

Mchangiaji_Free_Area

Na akitokea na kibali kweli? Watu wanapata vibali siku hizi.

Wakili_Mtazamaji

Swali zuri. Kibali kinasema kaunti haina kizuizi cha mipango. Hakimpi haki juu ya mali ya mwenzake wala hakifuti masharti ya lisi. Ila ukitaka kukipinga kibali chenyewe, pitia ile Kamati ya Uhusiano kwanza. Kesi nyingi zimetupwa kwa sababu mtu alikimbilia mahakamani akaruka ngazi. Kesi ya kuvunja lisi au kuondolewa egemeo ni jambo jingine, ni madai yako binafsi dhidi yake.

Kuhusu mahakama, kwa kifupi. Unaomba zuio la muda chini ya Agizo la 40 la Kanuni za Mashauri ya Madai. Kipimo ni kilekile tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: onyesha una kesi yenye mashiko, onyesha madhara ambayo fedha haiwezi kuyafidia, na hakimu akibaki na shaka apime nani ataumia zaidi. Ripoti ya injinia ndiyo inayobeba nguzo mbili za kwanza. Amri inayotolewa bila upande wa pili kusikilizwa haizidi siku 14, kwa hiyo usiende nayo nyumbani ukalala. Nakuru na Kisumu zote zina Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakimu walioteuliwa nao wanasikiliza mambo ya ardhi, hakimu mkuu hadi thamani ya shilingi milioni 20.

Na fidia: kama unachodai ni gharama ya kurekebisha chumba, haizidi milioni moja na hakuna ubishi wa umiliki, Mahakama ya Madai Madogo inatosha. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili na hukumu inatakiwa ndani ya siku 60. Haitasimamisha mjengo, hiyo ni ya pesa tu. Madai ya uharibifu wa aina hii yana miaka mitatu, baada ya hapo mlango umefungwa.

Mama_Ploti

Nami niulize kidogo. Ploti ya marehemu baba yetu Kondele, vyumba vya safu. Ndugu yangu amebomoa kuta mbili afanye baa. Bado hatujafanya urithi.

Wakili_Mtazamaji

Pole mama. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama, awe mtoto wa kwanza au wa mwisho. Ni kosa la jinai. Lakini ninyi ni ndugu; kabla ya polisi kaeni na wazee na chifu, na mkitoka hapo mfungue faili ya urithi, kwa sababu bila hiyo kila atakayeamka na nyundo atasema ana fungu lake.

Mchangiaji_Bahati

Na mwanga je? Ghorofa likisimama dirisha la ngazi za mwalimu litakuwa giza.

Karani_Mstaafu

Miaka 20. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, kifungu cha 32. Mwanga uwe umeingia kwenye jengo kwa amani na wazi, kwa haki, bila kukatizwa, kwa muda huo. Mtaa usiofika umri huo usahau, labda lisi iwe na neno.

Mwenye_Uzi

Wadau, mrejesho. Barua ilipigwa muhuri. Maafisa walikuja, wakauliza michoro, hakukuwa na mchoro wenye saini ya injinia. Notisi imebandikwa getini na kazi imesimama. Wakazi wa safu yetu tumekutana kwa mara ya kwanza, hata yule anayedai hana muda alikuja. Injinia wetu amesema ufa unatokana na matundu waliyotoboa karibu na linta, na kwamba msingi haukuchorwa kubeba slabu.

Jirani amekuja kwetu jioni, safari hii na mkewe. Anasema hakukusudia ubaya, anaomba tukubaliane. Anataka aendelee, lakini atasimamisha nguzo zake. Mume wangu anaelekea kukubali. Mimi nina wasiwasi. Nikubali?

Fundi_Nyalenda

Nguzo zake mwenyewe zenye misingi yake, ndani ya upande wake, boriti zisiguse ukuta wa katikati, pawe na nafasi kati ya mjengo mpya na ukuta: hiyo inawezekana na ni kazi ya kawaida. Akwambie vyuma vilivyoingizwa vitatoka vipi na matundu yatajazwa na nini. Angalieni uchimbaji pia. Shimo la nguzo likichimbwa kando ya msingi wa zamani likaachwa wazi mvua ikanyesha, tutarudi hapa. Wachimbe moja moja, wamwage, ndiyo waende kwa jingine.

Na paa! Pale paa lake linapopanda juu na lako kubaki chini, maji yote ya ukuta mpya yanashuka kwenye mabati yako. Kuwe na bati la kukinga kwenye kiungo, lililoingizwa ndani ya ukuta na si kupakwa lami juujuu, na gata lake liishie kwake.

Wakili_Mtazamaji

Kukubali si kushindwa, mwalimu, mradi yawe kwenye karatasi. Michoro ya injinia iwe kiambatisho. Picha za hali ya nyumba yako leo ziwe kiambatisho. Kazi isianze kabla ya kibali cha kaunti na idhini ya kampuni yenu, ambayo sasa mnajua iko wapi. Arekebishe chumba na paa kwanza. Aweke fedha kwa wakili kama dhamana mpaka mjengo uishe na msimu mmoja wa mvua upite. Na kile kipengele cha egemeo na maji kisajiliwe kwenye hati zote mbili, kwa maana akiuza kesho, mnunuzi atakwambia maneno yaleyale uliyoambiwa mwanzo, na makubaliano ya sebuleni hayatamfunga.

Mwenye_Uzi

Na injinia wetu, nani amlipe? Anasema kila mtu alipe wake.

Wakili_Mtazamaji

Yeye ndiye anayejenga. Wewe ulikuwa umekaa kwako. Alipe wa kwake na wa kwako, lakini wa kwako umchague wewe na ripoti ije kwako. Akigoma hapo, notisi bado iko getini.

Mwenye_Uzi

Amekubali. Jumatatu tunaenda kwa wakili, wake kwa waume.

Karani_Mstaafu

Beba lisi yenyewe, si nakala.